Pumu ya ngozi kwa mtoto: itaisha lini, na kwa nini hurudi kila ukiacha dawa

"Daktari, shikamoo. Mwanangu wa kiume ana miaka minne na nusu. Alianza kutoka vipele mashavuni akiwa na miezi minne, siku hizi vimehamia kwenye mikunjo ya viwiko na nyuma ya magoti. Usiku anajikuna mpaka shuka linapata damu. Kituo cha afya waliniambia ni pumu ya ngozi, wakanipa krimu. Ikapoa wiki moja, ikarudi. Duka la dawa wakaniuzia tyubu yenye dawa tatu ndani yake. Hiyo ilifanya kazi vizuri sana, lakini nikiacha tu inarudi, kwa hiyo nimekuwa nampaka kila siku, sasa ni mwezi wa tatu. Mama mkwe alinishauri nimwachishe maziwa, mayai na samaki. Nimefanya hivyo, mtoto amepungua na ngozi iko vilevile. Mtu wa dawa za asili anasema damu yake ni chafu. Jirani anasema nikiuzuia ugonjwa kwenye ngozi utaingia kifuani. Dawa nayo imemwachia mabaka meupe. Tunaishi Makambako, akienda kwa bibi yake Tanga anatulia, tukirudi inaanza upya. Baba yake mdogo ana magamba viwikoni tangu ujana na hayajaisha mpaka leo, naogopa mtoto naye atakuwa hivyo. Wengine wananiambia ataacha akifika miaka saba. Naomba uniambie ukweli: huu ugonjwa una mwisho? Na huyu ninayemtarajia naye ataupata?"

Marahaba mama, na pole sana kwa usiku wote huo wa kukesha. Umeuliza mambo mengi kwa mpigo na yote yana uzito, lakini naona lililokuelemea zaidi ni moja: umebadilisha dawa, umebadilisha chakula, umesikiliza kila mtu, na ugonjwa bado unarudi. Umeanza kuamini kwamba kuna kitu unakosea, au kwamba dawa ya kweli iko mahali fulani na hujaifikia.

Nikujibu kwanza ulichouliza mwisho. Ndiyo, kwa watoto wengi una mwisho, na mwanao yumo katika kundi lenye matumaini mazuri. Mwaka 2016 watafiti walikusanya tafiti 45 kutoka nchi 15, zenye wagonjwa zaidi ya 110,000. Waliona kwamba miaka minane baada ya ugonjwa kutambuliwa, watoto wanane kati ya kumi hawakuwa nao tena, na baada ya miaka ishirini waliobaki nao hawakufika watano katika mia. Hapo ndipo penye ukweli ndani ya maneno ya wanaokuambia kwamba ataacha. Lakini umri wa miaka saba si mpaka uliowekwa. Wako wanaotulia wakiwa na mitatu, wako wanaofika sekondari bado wanajikuna.

Sasa nikupe na upande wa pili, kwa sababu umeomba ukweli. Utafiti wa Marekani uliotolewa 2014 uliwafuatilia watoto zaidi ya 7,000 waliokuwa na ugonjwa huu na kutumia dawa ya kupaka. Wao waliulizwa swali gumu zaidi: umewahi kukaa miezi sita mfululizo bila dalili yoyote na bila dawa yoyote? Ilibidi wafike umri wa miaka ishirini ndipo nusu yao waweze kujibu ndiyo. Tafiti hizi mbili zinaachana kwa sababu hazikupima kupona kwa kipimo kimoja, wala watoto waliofuatiliwa hawakuwa wa aina moja. Ukiziweka pamoja na yale tunayoyaona kliniki kila siku, picha ni hii: kipindi kibaya, cha damu kwenye shuka, huwa kinapita. Kinachobaki kwa wengi ni ngozi kavu, yenye hasira upesi, inayokumbusha mara mojamoja wakati wa baridi au mtu akishika sabuni kali. Kijana wa namna hiyo akiwa mkubwa akafanya kazi ya saluni au ya usafi, viganja vinaweza kumsumbua, na ni vizuri alijue hilo mapema.

Kuna dalili zinazotusaidia kukisia nani atachelewa kupona. Ugonjwa ulioanza mtoto akiwa ameshakua hukaa zaidi kuliko ulioanza uchangani, na wako alianza na miezi minne. Ugonjwa mkali hukaa zaidi kuliko mwepesi. Mtoto mwenye pumu ya kifua au mafua ya mzio pamoja na ngozi naye huelekea kuchelewa. Hukusema kama mwanao anapiga chafya mfululizo au kubanwa kifua. Hilo mwambie atakayemwona.

Kuhusu baba yake mdogo, ondoa hofu. Magamba mazito yanayokaa viwikoni kwa nje na mbele ya magoti, na ambayo hayajaondoka tangu ujana, kwa maelezo hayo yanaelekea kuwa soriasisi. Huo ni ugonjwa mwingine kabisa, na wenyewe kwa kawaida huenda na mtu maisha yote, ukipanda na kushuka. Wa mwanao uko ndani ya mikunjo. Mwendo wa mmoja hautabiri mwendo wa mwingine.

Kwa nini basi unarudi? Ngozi nzuri hufunga. Chembe zake za juu zimeshikamana, na katikati yake kuna mafuta ya asili yanayozuia maji ya mwili yasitoke na vitu vya nje visiingie. Ngozi ya mwanao inavuja kama mtungi wa udongo: maji yanapenya taratibu mpaka nje na kupotelea hewani. Ndiyo maana ni kavu hata akinywa maji mengi. Na kwa njia hiyohiyo vumbi, jasho, sabuni na vijidudu vinapenya kuingia ndani, askari wa mwili wanaamka, ngozi inavimba na kuwasha. Akijikuna anazidi kuibomoa, basi vinaingia vingi zaidi. Mwaka 2006 wanasayansi wa Dundee, Uskoti, waligundua kwamba baadhi ya wagonjwa wana hitilafu katika jeni inayotengeneza protini iitwayo filagrini, mojawapo ya vitu vinavyoifanya ngozi ifunge. Kwa Waafrika hitilafu hiyo ni nadra, kwa hiyo kwetu sababu za ngozi kuvuja zinatafutwa pia kwingine, lakini tokeo ni lilelile. Mtoto amezaliwa na ngozi ya namna hiyo. Hukumpa wewe kwa chakula ulichokula wala kwa uchafu wa nyumba.

Ukilielewa hilo, Makambako na Tanga zinajieleza zenyewe. Nyanda za juu mwezi wa sita na wa saba hewa ni baridi na kavu, na mtoto anavalishwa sweta linalochoma. Tanga hewa ina unyevu, ngozi haikauki haraka. Bibi hana dawa ya siri, ingawa kulala karibu na bibi nako kuna faida yake. Kuna watoto wengine ambao pwani huwazidishia kwa sababu ya jasho, kwa hiyo nisingemshauri kila mzazi ahame.

Na damu si chafu. Nimesikia maelezo hayo miaka yote ya kazi yangu, na ninaelewa yanatoka wapi: kitu kinachotoka nje ya ngozi mara kwa mara kinaonekana kama kinasukumwa kutoka ndani. Lakini hakuna uchafu unaotafuta mlango. Dawa ya kusafisha damu haiwezi kuziba ngozi inayovuja, na unga usiojulikana umechanganywa na nini ni hatari kwa ini na figo za mtoto mdogo. Jirani naye ameona jambo la kweli akalifasiri vibaya. Ni kweli watoto wenye pumu ya ngozi hupata pumu ya kifua zaidi ya wengine, lakini ni kwa sababu magonjwa hayo ni ndugu, yanatembea katika miili ileile. Kutibu ngozi hakuusukumi ugonjwa kwenda mapafuni. Mtoto akiachwa bila tiba kwa hofu hiyo, anaumia bure.

Tuje kwenye ile tyubu, maana hapa ndipo nina wasiwasi na ndipo ninapokuomba unisikilize vizuri. Tyubu za dawa tatu zinazouzwa madukani kwa kawaida zina dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe na muwasho. Kinachofanya kazi kwa mwanao karibu chote ni ile steroidi. Soma maandishi madogo. Ukikuta betamethasoni, hiyo ni steroidi kali. Ukikuta klobetasoli, hiyo ni kali kupita zote za kupaka, ndiyo inayofichwa pia ndani ya baadhi ya vipodozi vya kujichubua. Haidrokotisoni ya asilimia moja ndiyo nyepesi, na inawezekana ndiyo uliyopewa mwanzo kituoni.

Steroidi ya kupaka si sumu. Ni dawa nzuri, na ikitumika sawasawa ndiyo inayompa mtoto usingizi. Shida ni jinsi tunavyoitumia. Mwanzoni wazazi wengi hupaka kidogo mno kwa woga, siku tatu nne, ngozi ikianza kupendeza wanaacha. Kwa juu imetulia, chini bado moto unawaka, na baada ya wiki moja inalipuka. Mzazi anasema dawa imeshindwa, anatafuta kali zaidi. Akiipata ile kali, inamfurahisha, anaogopa kuacha, anapaka kila siku kwa miezi. Hapo ngozi ya mikunjo, ambayo ni nyembamba na hunyonya dawa kwa wingi, huanza kuwa nyepesi na kupasuka michirizi isiyofutika. Dawa nyingi ikiingia mwilini inaweza hata kumchelewesha mtoto kukua. Mama, umepitia njia zote mbili, na hakuna aliyekuelekeza vinginevyo.

Usiitupe tyubu leo na kukaa bila kitu. Kuacha ghafla baada ya miezi mitatu kunaweza kuleta mlipuko mkali, na kama ni klobetasoli mwili wa mtoto unaweza kuwa umepunguza kutengeneza homoni zake. Ndani ya wiki hii mpeleke kwa mganga wa hospitali anayejua ngozi, uende na tyubu yenyewe, apange jinsi ya kushuka hadi kwenye nyepesi. Ila usoni na sehemu za siri hiyo kali isifike kabisa.

Mpango tunaotumia baada ya hapo una hatua mbili. Ugonjwa ukilipuka, steroidi inayofaa umri na mahali hupakwa mara moja au mbili kwa siku mpaka ngozi iwe laini ukiipapasa na muwasho umekwisha. Mara nyingi ni wiki moja hadi mbili. Kipimo chake: kamua dawa kwenye kidole chako cha shahada, kuanzia pingili ya mwisho hadi nchani. Hiyo ni kama nusu gramu na inatosha eneo la viganja vyako viwili pamoja na vidole. Kisha, kwa mtoto ambaye ugonjwa hurudi palepale kila mara, dawa hupakwa siku mbili tu kwa wiki kwenye sehemu zile zilizozoea kulipuka, hata kama zinaonekana nzima, kwa miezi kadhaa chini ya uangalizi. Wazazi wengi huona ajabu kupaka dawa mahali pazima. Lakini siku mbili hizo huzuia milipuko mingi, na mwisho wa mwaka mtoto anakuwa ametumia dawa kidogo kuliko yule anayezima moto kila mwezi. Kwa usoni na mikunjoni ipo pia dawa ya kupaka isiyo steroidi iitwayo takrolimasi, isiyopunguza unene wa ngozi. Hupatikana kwenye maduka makubwa ya dawa, bei yake inauma, na siku za mwanzo huchoma kidogo.

Mafuta ndiyo kazi ya kila siku, na hapa usibane mkono. Miongozo ya Uingereza hutaja gramu 250 hadi 500 kwa wiki kwa mtoto. Najua hiyo ni kopo zima, na najua mfuko. Mafuta ya mgando yasiyo na harufu, yale ya kopo kubwa ya bei nafuu, yanatosha kabisa. Ya bei kubwa yenye picha ya mtoto na manukato ndiyo yanayowasha. Mafuta ya nazi safi nayo yamefanya vizuri yalipojaribiwa kwa watoto. Ya zeituni yaache, yamethibitika kuidhoofisha ngozi hii. Mpake asubuhi na usiku, na kila akitoka kuoga ndani ya dakika chache, ngozi ikiwa bado na unyevu. Chota kwa kijiko safi, vidole visiingie kwenye kopo.

Maji ya kuoga yawe vuguvugu, mara moja kwa siku, kwa muda mfupi. Dodoki liwekwe pembeni kabisa. Sabuni isiyo na harufu, na ni kwa kwapa, sehemu za siri na miguu yenye tope. Ile dawa ya kuua vijidudu ambayo mama wengi humimina kwenye beseni inaikausha ngozi na kuichoma. Nguo zisuuzwe mara mbili kutoa sabuni ya unga, na chini ya sweta la shule avae fulana ya pamba. Kucha fupi.

Piriton inaweza kumlaza, lakini muwasho wa ugonjwa huu haiugusi sana, na sipendi itumike kila usiku. Sindano za steroidi na vidonge vya prednisoloni vinasafisha ngozi kwa siku chache kisha ugonjwa unarudi kwa hasira. Ukipewa kama tiba ya kawaida, omba maelezo.

Mrudishie chakula chake. Hili linaniuma zaidi ya yote, kwa sababu mtoto wa miaka minne aliyenyimwa maziwa, mayai na samaki kwa pamoja ananyimwa kujenga mwili. Mzio wa kweli wa chakula kwa kawaida hujionyesha haraka, ndani ya dakika chache hadi saa mbili: midomo kuvimba, vipele vya kuvimba mwili mzima, kutapika, kukosa pumzi. Kama amewahi kupata hivyo, usimpe, nenda hospitali. Kama alikuwa anakula vyote bila tatizo la namna hiyo, na ngozi haikubadilika ulipoviondoa, havihusiki. Rudisha kimoja kimoja, anza na kidogo, mchana, akiwa mzima. Apimwe uzito.

Mabaka meupe mengi hayatokani na dawa kuunguza. Ngozi nyeusi ikishavimba huacha alama, nyeupe au nyeusi zaidi, na steroidi kali nayo inaweza kuongeza weupe kidogo. Rangi hurudi ngozi ikitulia, lakini inachukua miezi. Usipake kitu cha kuiharakisha. Na ukikagua ngozi yake usitafute wekundu unaosomwa vitabuni. Kwa watoto wetu mlipuko huonekana kama zambarau, kijivu au weusi, pengine vipele vidogo vidogo kuzunguka vinyweleo. Mikono yako itagundua kabla ya macho.

Kuna hali ambazo hazingoji. Akitoka ghafla malengelenge madogo au vidonda vya duara vinavyofanana, vyenye maumivu, pamoja na homa, mpeleke hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku. Hao ni virusi vilevile vya vidonda vya mdomoni, na kwenye ngozi hii huenea haraka, vikifika macho vinaweza kuharibu uoni. Maganda ya njano, usaha au ngozi kuwa ya moto ni dalili ya bakteria, anahitaji antibiotiki. Kama na wewe, baba yake au watoto wengine mnawashwa usiku, hasa katikati ya vidole, huenda ni upele wa kuambukiza, na steroidi huuficha huku ukienea. Baka la duara lenye ukingo ulioinuka linaweza kuwa fangasi, nalo likipakwa steroidi hukua. Na kama baada ya wiki mbili za kupaka sawasawa hakuna nafuu, anahitaji kuangaliwa upya. Zipo dawa za kumeza kama methotreksati kwa ugonjwa mkali kweli, na sindano za kisasa za dupilumabu zilizoidhinishwa kwanza Marekani mwaka 2017, lakini bei yake bado haigusiki kwa familia nyingi hapa, na mwanao kwa maelezo yako hajafika huko.

Hospitali ya rufaa ya mkoa ulizia kama kuna kliniki ya ngozi. Chuo cha ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kimekuwa kikifundisha waganga wa ngozi kutoka mikoa yetu na nchi nyingi za Afrika tangu 1992, na wengi wao wako mikoani, si lazima ufike Dar es Salaam. Ukienda, weka kwenye mfuko kila kitu ulichowahi kumpaka, hata cha dawa za asili. Hatutakugombeza. Mwambie pia mwalimu wake kwamba ugonjwa huu hauambukizi, asitengwe na wenzake.

Huyo unayemtarajia ana uwezekano mkubwa kidogo kuliko mtoto wa familia isiyo na ugonjwa huu, lakini si lazima aupate. Kula vyakula vyako vyote. Kujinyima mayai au samaki wakati wa ujauzito hakumkingi. Tuliwahi kutumaini kwamba kumpaka mafuta kila siku mtoto mchanga kungezuia, mpaka utafiti wa Uingereza wenye watoto 1,394, uliotolewa 2020, ulipoonyesha kwamba hakuzuii. Basi usijipe kazi hiyo. Mnyonyeshe, na vipele vikitokea mashavuni mlete mapema, kabla hujapita duka la dawa.